UZI: Kufundisha kudigi (kupokea mpira wa voliboli kwa mikono iliyounganishwa) sekondari, na kwa nini nimeacha kupaza sauti ya "Viwiko!"

Mwalimu wa Shinyalu (mwanzisha uzi)

Hamjambo wanajukwaa.

Wiki jana nilishika kibendera cha mstari katika mechi za zoni. Nilisimama pale kwenye kona seti baada ya seti, na pointi nyingi nilizoziona zilikwisha hata seta, yule anayewaandalia wapigaji mpira, hajaugusa. Sevu, ule mpira wa kuanzisha pointi, inavuka wavu, mpokeaji anaugonga mpira, mpira unatua migombani, au unapaa nyuma ya mashabiki, au unarudi moja kwa moja kwa wapinzani. Spaiki (mapigo makali ya kushambulia) za mchana mzima zilihesabika kwa vidole. Kando ya uwanja walimu wenzangu, watu ninaowaheshimu, walikuwa na neno moja tu: "Viwiko! Nyoosha viwiko!"

Neno hilo nimelipaza mwenyewe kwa miaka sita. Huu ni mwaka wangu wa 11 nikifundisha Kiswahili na kusimamia voliboli ya wasichana katika shule ya kutwa huku Kakamega. Nimeona nifungue uzi huu kabla michezo ya muhula wa pili haijafika ngazi ya kaunti, kwa sababu naamini tunawaonea hawa watoto. Wanafanya kile hasa tulichowafundisha.

Mazoezi yangu ya zamani yalikuwa hivi. Safu mbili zinatazamana, mita nne katikati. Huyu anarusha, yule anadigi, mpira unarudi kwa aliyerusha. Baada ya majuma matatu wasichana walikuwa wakifikisha 30, hata 40, bila mpira kuanguka. Moyo wangu ulitulia. Siku ya mechi sevu inatoka zaidi ya mita 9, inapita juu ya wavu, inamjia msichana usawa wa bega, naye anaurudisha ulikotoka. Nikitoka hapo namwambia hajui kudigi. Kumbe alijua vizuri. Mimi ndiye niliyemzoeza majuma matatu kwamba kazi ya digi ni kumrudishia mpira aliyeutuma. Akamrudishia, na safari hii aliyeutuma alikuwa mpinzani.

Katika mechi mpira wa kwanza hutoka upande mmoja na kutakiwa kwenda upande mwingine. Unatoka ng'ambo ya wavu, labda kushoto kwako, na seta wako amesimama karibu na wavu, kulia kidogo kwa katikati ya uwanja. Hapo mpira lazima ukate kona. Zoezi la watu wawili halina kona. Unaweza kulifanya mwaka mzima na usiijue hiyo kona hata siku moja.

Siku moja mvua ilitukuta uwanjani saa kumi, kama kawaida yake huku kwetu, tukakimbilia chini ya paa la jiko. Maji yalikuwa yakiporomoka kwenye mabati. Upande mmoja fundi alikuwa ameinamisha bati vibaya, na maji yote yalimwagika mlangoni, wapishi wakawa wanaruka dimbwi. Nikawaambia wasichana waangalie: fundi akiliinamisha bati kule, maji huenda kule, huna haja ya kuyasukuma. Vigasha vyenu, hii sehemu kati ya kiwiko na kiganja, ndivyo mabati yenu. Tangu siku hiyo, neno ninalosema uwanjani ni "Bati linaangalia wapi?" na msichana mwenyewe huangalia mikono yake akajisahihisha. Nikisema "viwiko" alikuwa akinyoosha viwiko na mpira bado unaenda migombani.

Nitaendelea na miguu, maana huko ndiko penyewe. Lakini kwanza nisikie wengine.

Kocha wa Nyalenda

Mwalimu, asante kwa uzi. Mimi nafundisha Fizikia hapa Kisumu na nina timu ya wavulana. Mfano wa mabati ni mzuri, ila uuongezee kitu: maji hufuata mteremko tu, lakini mpira hudunda. Pembe unayoingilia inahesabika. Sevu ikitoka kushoto na seta yuko kulia, bati halitakiwi kumwangalia seta moja kwa moja, linatakiwa kuangalia mahali fulani katikati ya mpira unakotoka na seta alipo. Ukilielekeza lote kwa seta, mpira utampita na kutoka nje. Wavulana wangu hukosea hapo sana.

Swali langu: utaanzaje na kona kwa mtoto ambaye hajawahi kuugusa mpira? Gredi ya 10 iliyoingia Januari hii, wengine wametoka shule ambazo hazina hata wavu. Mimi bado naona wawili wawili ni lazima mwanzoni.

Mwalimu wa Shinyalu

Kocha, umenisahihisha vizuri, na kesho nitawaeleza hivyo: bati huangalia katikati ya ulikotoka na unakokwenda.

Kuhusu wanaoanza: wawili wawili nawapa kipindi kimoja, hata nusu, ili mikono ijue mpira unagonga wapi. Baada ya hapo naongeza mtu wa tatu. Mrushaji, mpokeaji, na mtu wa kushika mpira aliyesimama pembeni, mahali pa seta. Pembetatu. Mpira hauruhusiwi kurudi kwa aliyeurusha. Mtoto wa siku ya pili anaweza, mradi urushaji uwe wa upole, mikono miwili kutoka chini. Anayepokea kwenye pembetatu kutoka siku ya pili hujifunza jambo moja, siyo mawili yanayopingana.

Tena mrushaji arushe juu ya kitu. Wavu tunao mmoja na ni wa timu, kwa hiyo kwa darasa natumia kamba. Uwanja wetu una mikaratusi miwili upande wa nyuma, nimefunga kamba ya katani kati yake, mita 18 hivi, na kila mita 3 nimefunga kitambaa. Hapo nina vichochoro sita. Darasa langu la 48 linaingia wanane kila kichochoro. Mipira ni sita, miwili mizuri na minne iliyochoka. Mmoja anarusha, mmoja anadigi, mmoja anashika, wengine wanasimama nyuma wakihesabu kwa sauti. Mipira mitano, mnabadilishana. Kipindi cha dakika 40, ukitoa 10 za kuvua sketi na kuvaa kaptura, kila mmoja hupata mipira 15 au zaidi. Zamani, wengine walikuwa wakimaliza kipindi hawajaugusa.

Kamba naiweka chini kuliko wavu wa mechi. Wavu wa wanawake ni mita 2.24 na wa wanaume mita 2.43. Mtoto anayerusha kwa shida juu ya mita 2.24 atarusha mipira mibovu, na mpokeaji atajifunza mipira mibovu.

Sasa miguu.

Ukimtazama msichana aliyekosea, macho yako yatakwenda kwenye mikono, kwa sababu ndiyo iliyougonga mpira. Mikono imekunjika, viwiko vimelegea, mpira umegonga dole gumba. Lakini rudisha nyuma nusu sekunde. Alikuwa wapi wakati mpira unavuka wavu? Alikuwa amesimama wima, visigino chini, mikono tayari imefumbatana mbele ya tumbo kama mtu anayesali. Mpira ukamwendea hatua moja kulia. Hakwenda. Alinyoosha mikono, na mikono ikinyooshwa pembeni hivyo lazima ikunjike. Ukimwambia "viwiko" unamlaumu kwa kosa la mwisho katika mlolongo wa makosa matatu.

Kwa hiyo nina zoezi ambalo hawatumii mikono kabisa. Narusha mpira juu ya kamba, wao wanakimbia kuufuata na kuuacha udunde mara moja halafu upite katikati ya miguu yao. Ndiyo kazi yote. Mpira ukipita katikati ya miguu, maana yake ulikuwa nyuma yake, uso kwa uso, kwa wakati. Ukipita pembeni, ungeudigi kwa mkono uliojikunja. Wanapenda sana zoezi hili, wanacheka, na hawajui kwamba nimewafundisha nusu ya digi.

Miguu yenyewe: iwe pana kidogo kuliko mabega, mmoja mbele kidogo, uzito kwenye nyayo za mbele, magoti yamekunjwa, mabega yamesogea mbele ya magoti. Hatua ni za kuburuta, mguu unafuata mguu bila kupishana, isipokuwa mpira uko mbali, hapo kimbia kama unavyokimbia kila siku. Na usikimbie ukiwa umefumbata mikono. Jaribu mwenyewe kukimbia hivyo, utaona. Mikono huungana mwishoni, ukishafika.

Libero wa zamani, Nakuru

Nimesoma kwa makini, na nimefurahi kuona mtu anazungumzia mpira wa kwanza. Huwa tunazungumzia spaiki tu. Nilicheza libero, yule mchezaji wa nyuma ambaye kazi yake ni kupokea na kulinda, chuoni, sasa nasaidia timu ya shule moja upande wa Njoro.

Niwakumbushe wenzangu kwa nini jambo hili ni kubwa. Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wanawake, walichukua tena ubingwa wa Afrika mwaka 2023 kule Yaoundé, na wakaenda Olimpiki ya Paris 2024. Kundi lao lilikuwa na Brazili, Poland na Japani, na mechi zote tatu walifungwa seti 3 kwa 0. Nilitazama zile mechi. Wapigaji wetu wana nguvu, wanaruka. Tofauti niliyoiona mimi ilikuwa katika kupokea. Japani mpira wao wa kwanza hutua kwa seta kama umebebwa mkononi. Hawa Wajapani si wa leo, wasichana wao walichukua dhahabu Tokyo mwaka 1964, mara ya kwanza voliboli kuwa mchezo wa Olimpiki, chini ya kocha Hirobumi Daimatsu, na walijulikana kwa kupokea, kujitupa na kujiviringisha chini. Kazi ya aina hiyo huanzia shuleni. Agripina Kundu, libero wetu wa Malkia, huwezi kumtengeneza akiwa na miaka 20.

Sasa nina pingamizi moja. Mwalimu, umesema bati ligeuzwe. Mimi nilifundishwa nigeuke mwili mzima nimwangalie seta, halafu nidigi. Walimu wengi huku Nakuru bado wanafundisha hivyo. Unasemaje?

Mwalimu wa Shinyalu

Nami nilifundishwa hivyo chuoni. Kama mpira ni wa polepole na una muda, geuka, hakuna ubaya. Lakini sevu ya leo haikupi muda huo. Ukiwa unageuza mwili kumtafuta seta, umeuacha mpira kwa jicho la pembeni. Ninachofundisha sasa: uangalie mpira unakotoka, kifua kiuelekee, na vigasha peke yake ndivyo vigeuke. Namna ya kuvigeuza ni kushusha bega lililo karibu na seta. Seta yuko kulia kwako na mpira umekujia kushoto: shusha bega la kulia, bati lenyewe litaelekea kulia. Huhitaji kuzungusha mikono. Wasichana wangu walichukua kama wiki mbili kuacha kuzungusha.

Wewe ulikuwa libero, utanisahihisha nikikosea.

Libero wa zamani, Nakuru

Hujakosea. Nikifikiria, hata mimi katika mechi nilikuwa nikifanya hivyo, ingawa mdomoni nilikuwa nafundisha kugeuka. Nitaibadilisha.

Madam wa Webuye

Kwa heshima ya wachangiaji wote, mmeanza katikati. Shida yangu ni kabla ya hapo. Wasichana wangu wanaogopa mpira. Unauma. Nikiwafundisha dakika 20 mikono imekuwa myekundu, wiki inayofuata nusu yao wana barua ya kuumwa tumbo. Shule kama Lugulu hapa karibu ina jina, watoto wanakwenda pale wakijua voliboli ni sehemu ya maisha ya shule. Sisi tunawapata waliobaki, na wengi wao hawajawahi kupigwa na mpira wowote. Nifanye nini na uoga?

Mwalimu wa Shinyalu

Madam, hili swali ni muhimu kuliko yote ya humu, na ninasikitika kwamba sikulianzia.

Kwanza, waamini. Unauma kweli. Tulikuwa tukiwaambia "vumilia, utazoea," na wale waliokuwa na mbadala wakaondoka. Nimepoteza wasichana warefu, wepesi, kwa sababu hiyo tu.

Pili, angalia upepo wa mpira. Mpira wa voliboli una uzito wa gramu 260 hadi 280, mzingo wa sentimita 65 hadi 67, na upepo wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, kilo 0.30 hadi 0.325 kwa sentimita mraba. Huo ni laini. Sasa sisi tunaupeleka kwa fundi wa baiskeli sokoni, anaujaza kama tairi la boda, unarudi ukiwa jiwe. Halafu tunauliza kwa nini watoto wanaogopa. Ukikosa kipimo, bonyeza kwa vidole gumba viwili, ngozi ibonyee kidogo. Kwa wanaoanza mimi napunguza hata chini ya hapo.

Tatu, sweta la shule. Waache wadigi wakiwa na sweta la mikono mirefu majuma mawili ya mwanzo. Wengine wamekata soksi za zamani kwenye vidole, wanavaa vigashani. Wakizoea watavua wenyewe.

Nne, na hapa ndipo maumivu mengi yanapotoka: mpira unagonga mfupa. Ukigonga kwenye kifundo cha mkono au juu ya dole gumba, utaumia hata ukiwa bingwa. Ugonge kwenye nyama, juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani uliogeuzwa juu, mikono yote miwili kwa pamoja. Na viganja viunganishwe hivi: kimoja ndani ya kingine, visigino vya viganja vikutane, madole gumba yalale sambamba, hakuna la juu wala la chini. Kisha sukuma madole gumba yaangalie chini. Hapo viwiko hunyooka vyenyewe, na bati hutokea. Vidole visisukwe kama mkeka, mpira ukivigonga vikiwa vimesukwana vinaweza kuteguka.

Na mwisho wa uoga wenyewe: mwanzoni wasidigi. Waupokee mpira uliorushwa taratibu juu ya vigasha vilivyonyooshwa, wausimamishe, wauviringishe kuelekea kifuani, waukumbatie. Mara kumi, mara ishirini. Mwili unajifunza kwamba kitu hiki kinaweza kunijia na nisikimbie.

Madam wa Webuye

Hilo la upepo sikulijua. Jioni hii nimekwenda stoo nikabonyeza mipira yetu mitatu. Hakuna iliyobonyea hata mmoja. Nimekaa pale na pampu ya baiskeli na sindano nikatoa upepo, nikasikitika kwa ajili ya wale walioacha timu mwaka juzi.

Kocha wa Nyalenda

Mimi nirudi kwenye kuzungusha mikono, kwa sababu wavulana ndiyo ugonjwa wao. Wakiona mpira wanaufyeka kama wanafyeka majani kwa panga. Ukienda juu sana wanashangilia.

Na kitu kingine. Uwanja wetu uko wazi na alasiri upepo wa ziwa unaingia. Sevu ya kuelea hapa huyumba hata mimi niliyesimama nje sijui itaangukia wapi. Nawaeleza sababu: mpira usiozunguka, hewa huachana nao bila mpangilio, upande huu ukivutwa, mara ule. Wanaelewa darasani, uwanjani wanaukosa.

Mwalimu wa Shinyalu

Kocha, kwa mpira mwepesi nguvu hutoka magotini. Namwambia msichana: bati likae kimya, magoti yanyanyuke. Kwa spaiki au sevu kali hata magoti hayahitajiki. Mpira una nguvu ya kutosha, kazi yako ni kuipunguza, ukae chini na uiache mikono irudi nyuma kidogo inapoguswa. Wavulana nawaelewa, wanataka kuongeza nguvu kwa kitu ambacho tayari kina nguvu.

Zoezi lililowasaidia wangu: wanadigi wakiwa wamepiga goti moja chini. Wakizungusha mikono wakiwa hivyo mpira unawarudia usoni, na wanaacha haraka. Sifanyi zaidi ya dakika tano, lisije likawa mazoea ya kupiga goti.

Kuhusu kuelea, Libero aseme.

Libero wa zamani, Nakuru

Sevu ya kuelea humkomesha anayeamua mapema. Ukiona inavuka wavu unajisemea "hii iko kulia," unahamia kulia, inakwenda kushoto. Nilichojifunza: hatua ndogo ndogo nyingi hadi mwisho, mikono iungane kwa kuchelewa, na mpira uwe daima mbele ya kitovu, usiuruhusu upande bega lako. Ukiwa nao mbele ya kitovu na ukayumba kwa upana wa kiganja, bado una bati. Ukiwa nao begani, huna.

Pia wakishakomaa wafundisheni kuupokea kwa vidole juu ya kichwa. Sheria inaruhusu mguso wa kwanza uwe wa mikono miwili isiyogusa kwa wakati mmoja, mradi ni tendo moja na mpira haukushikwa. Kuna wakati mpira wa kuelea ni rahisi zaidi kuupokea mapema kule juu kabla haujaanza vituko vyake. Lakini hilo ni la baadaye, digi kwanza.

Na wafundishwe kumsoma anayesevu. Mabega yake yameelekea wapi, mpira ameurusha mbele au juu ya kichwa, mkono umeupiga na kusimama au umeufuata. Mkono ukisimama ghafla, tegemea kuelea. Mimi nilikuwa najua nusu ya jibu kabla mpira haujavuka wavu.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu

Samahani walimu, mimi ni mwanafunzi tu, nasomea Bungoma. Niko kwenye timu lakini nyumbani sina mpira wala mtu wa kucheza naye. Likizo ninasahau kila kitu. Naweza kufanya nini peke yangu? Pia nikiwa na mwenzangu mpira ukija katikati yetu tunaangaliana na unaanguka. Mwalimu wetu anakasirika sana.

Mwalimu wa Shinyalu

Mwanangu, karibu, na huna haja ya kuomba samahani, uzi huu ni wako kuliko wetu.

Nyumbani: tengeneza mpira wa makaratasi na nailoni uliofungwa kamba, kama wa utotoni. Haudundi vizuri, na ndiyo faida yake, kwa sababu utalazimika kufika mapema. Mwombe mdogo wako akurushie kutoka kwenye kona ya nyumba, na uweke beseni pembeni. Uudigi uingie kwenye beseni. Beseni lisikae mbele yako, likae ubavuni, ili upate kona. Ukiwa peke yako kabisa, rusha kwenye ukuta kwa mshazari, usisimame mbele ya ukuta moja kwa moja.

Kuhusu kuangaliana: hilo si kosa lako wala la mwenzako, ni la kutopangwa. Mpira wa katikati lazima uwe na mwenyewe kabla sevu haijapigwa. Sisi tumekubaliana ni wa yule ambaye mpira unasafiri kuelekea kwake, na anasema "Wangu!" mpira ukiwa bado upande wa wapinzani wa wavu. Ukisema ukiwa umeshakufikia, umechelewa. Mwenzako anayesikia anajibu kwa miguu: anarudi nyuma hatua moja kukulinda. Mwambie kapteni wenu muombe dakika mbili kabla ya mechi mkubaliane. Mwalimu atakubali.

Mwalimu wa Njoro

Nimefuatilia kimyakimya tangu jana. Swali moja: mnajuaje kwamba wanaboreka? Timu yangu inafungwa na ninaona kama wanadigi vizuri zaidi kuliko mwaka jana, lakini sina namna ya kuonyesha. Na sasa kwa kuwa shule ya upili ya juu ina njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, nitaulizwa alama.

Mwalimu wa Shinyalu

Tumia 0 hadi 3, makocha wengi wa voliboli wanaitumia. Mpira ukimfikia seta akaweza kuseti popote anapotaka, 3. Akiweza kuseti lakini chaguo zimepungua, 2. Mkilazimika kuuokoa tu na kuupeleka ng'ambo, 1. Pointi ikipotea hapo hapo, 0. Mmoja wa waliokaa benchi anaandika kwenye daftari, jina na tarakimu. Baada ya mechi unajumlisha na kugawanya.

Mpira uliokwenda juu sana na kuvuka wavu, mashabiki wakishangilia, huo kwangu ni 0 au 1 kulingana na wapinzani walivyoufanya. Nawaambia kabisa kwamba ni afadhali mpira ubaki mita moja au mbili nyuma ya wavu kuliko kuugusa wavu. Seta anaweza kusogea nyuma. Hawezi kusogea kwenye upande wa wapinzani.

Na usilenge mikono unapowaelekeza. Gabriele Wulf, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza matendo ya mwili, amefanya utafiti mwingi kuhusu jambo hili: mtu anayeelekeza mawazo yake nje ya mwili, kwa shabaha, kwa kawaida hujifunza tendo vizuri kuliko anayefikiria viungo vyake. Mimi niliigundua kwa njia ngumu, kwa miaka sita ya "viwiko". Siku hizi seta ananyanyua mkono kabla ya sevu, na ninawaambia wapokeaji wamwangalie mara moja halafu waangalie mpira. Basi.

Nina daftari la miaka mitano. Miaka miwili iliyopita kulikuwa na msichana wa kidato cha pili, mfupi, ambaye hakuna mtu aliyemtaka timuni kwa kuwa hawezi kufika juu ya wavu. Mechi yake ya kwanza alipata 0, 0, 1, 0, 1. Nilimweka kwenye kichochoro cha kamba kila siku, mipira 40, kutoka kushoto kwenda kulia. Muhula uliofuata alikuwa akikaribia 2 kwa wastani, nami nikamvalisha jezi ya rangi tofauti. Libero haruhusiwi kusevu wala kupiga mpira ulio juu ya wavu, kwa hiyo kimo chake hakikuwa na maana tena. Mwaka huu yuko kidato cha nne na ndiye anayewapanga wenzake nyuma, anawaonyesha kwa kidole nani asimame wapi, na dada zake warefu wanamsikiliza.

Kocha wa Nyalenda

Mwalimu, kamba yako ya katani uliinunua au uliisuka? Na vitambaa umefunga kwa fundo gani visiteleze? Nataka niifunge kesho kabla ya michezo.

Mwalimu wa Shinyalu

Niliinunua sokoni Khayega, ile nene ya kufungia ng'ombe. Vitambaa usivifunge juu ya kamba, vitateleza. Fungua nyuzi za kamba kidogo kwa msumari, upitishe kitambaa katikati, halafu ukaze. Na uifunge kabla ya saa tisa na nusu. Huku kwetu wingu limeshaanza kukusanyika juu ya msitu, naona leo tutapata nusu saa tu.